Walinzi wa Kichwa cha Nyanjige

Mlinzi wa kwanza alitoka sikioni mwa Nyanjige alasiri moja ya mwezi wa sita, mama yake akiwa anachambua pamba. Esteria alikuwa ameketi kwenye turubai mbele ya nyumba, pamba safi kulia, fifi, ile chafu, kushoto, na mtoto amejilaza juu ya rundo la safi ingawa alikuwa ameshakatazwa. Mlinzi alishuka kwa kushikilia nywele, akapita begani, akarukia turubai. Alikuwa na kimo cha punje ya choroko iliyosimamishwa. Alibeba upinde na rungu, na filimbi ilining'inia shingoni, kama sungusungu yeyote anayelinda kijiji.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila," Esteria aliitikia, mikono ikiendelea na pamba.

"Naomba maji. Humo ndani joto."

Esteria alitafuta kifuniko cha soda, akakijaza maji, akakiweka mbele yake. Mlinzi alivua kofia, akanywa, akashukuru, akapanda kwa njia ile ile aliyoshukia. Kumpa mlinzi maji si jambo la kujadili. Sungusungu wakipita kwenye kaya wakaomba uji, wanapewa uji, na anayewanyima atakumbukwa siku akiibiwa. Kilichomsumbua Esteria ni kingine. Tangu wiki iliyopita mtoto alikuwa anatembea kama amevaa kiatu kimoja, na jicho lake la kushoto lilikuwa limegeukia puani na kubaki huko.

"Mko wawili, mama," Nyanjige alisema kutoka kwenye rundo. "Mmoja wenu anikune mgongo."

Walinzi wakazoea kuja saa hiyo hiyo, wakati jua linapoanza kupoa. Walikuja kundi zima, wakakizunguka kifuniko, wakanywa kwa zamu na kupiga soga za kazini. Kamanda wao alikuwa mnene kidogo kuliko wengine na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Esteria alimuuliza wanalinda nini.

"Tunamlinda mgeni," kamanda alisema.

"Mgeni gani?"

"Yuko nyuma huku, shingo inapokutana na kichwa. Amechagua mahali pazuri. Njia zote zinapita hapo, ya macho, ya kutembea, ya kumeza."

"Nani alimkaribisha?"

"Hakukaribishwa, mayu. Ni mtu wa humu humu. Kazaliwa humu, anaongea kama sisi, ukoo anaujua. Tulimuuliza, akajibu vizuri. Halafu ana mkono mwepesi wa kutoa. Tangu aje hatujalala njaa."

"Na mwanangu je?"

Kamanda alifikiri. Alionekana kweli anajitahidi kukumbuka. "Huyo hatuna taarifa zake," alisema, akafuta mdomo.

Esteria aliwachukia tangu hapo. Aliwachukia kwa adabu, maana ndivyo alivyolelewa, na maji aliendelea kuwawekea. Lakini usingizi ulimkimbia, na sababu haikuwa mgeni peke yake. Majibu yale alikuwa ameshayasikia, tena kwa mdomo wa mume wake.

Bundala, mume wake, alikuwa sungusungu. Mwaka mmoja nyuma, ng'ombe wa jirani yao Kwandu, mjane, walitoweka zizini, na nyayo zao zikafuatwa hadi kwenye boma la Ngeleja, tajiri wa kitongoji chao. Sungusungu walimuuliza Ngeleja. Ngeleja akajibu vizuri, akachinja, wakala, na tangu siku ile kukawa na zamu ya kulinda lango lake. Kwandu alipokwenda langoni kudai mifugo yake, aliyemkuta pale ni Bundala. "Ni mtu wa hapa hapa, mama Kwandu," Bundala alimwambia. "Tumemuuliza, kajibu vizuri." Kwandu akapiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao mtu akiusikia anatupa jembe na kukimbia na silaha. Ikaamuliwa kuwa amepiga mwano wa uongo. Akatengwa, na hadi leo hakuna anayemsalimia.

Jioni ile Esteria alimsimulia mume wake maneno ya kamanda, neno kwa neno. Bundala alisikiliza mpaka mwisho, akaacha chakula, akatoka kwenda kuwatazama mbuzi ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Walimpeleka mtoto hospitali ya Bariadi, na Bariadi wakawaambia waende Mwanza. Huko Nyanjige aliingizwa kwenye mashine iliyokuwa inagonga kama fundi bati, na picha ikatoka. Daktari aliitwa Felisita, mwanamke mrefu mwenye mabega yaliyochoka. Aliwaonyesha mgeni kwenye picha. Alikuwa amekaa kwenye shina la ubongo, na hakuwa na mpaka.

"Hatuwezi kumkata," alisema. "Huu uvimbe umechanganyika na ubongo kama chumvi na mchuzi. Ukiitoa chumvi umemwaga mchuzi."

Walinzi walikuwa wametoka na kujipanga kwenye mto wa kitanda, wakipunga upepo. Daktari aliwatazama bila haraka.

"Hawa nawafahamu," alisema. "Kila mtoto mwenye ugonjwa huu anao. Wa huyu wana adabu."

"Wanamlinda mwizi," Esteria alisema.

"Ndiyo, mama. Kwa watu wazima wenye uvimbe wa kichwani, angalau mara nyingine kunakuwa na ugomvi humo ndani, watu wanasukumana. Kwa watoto panakuwa kimya. Mgeni anakula, walinzi wanakula, na wapiganaji wenyewe wako kwenye damu, nje ya mlango. Hawajui hata kama kuna kitu."

"Si waitwe?" Bundala aliuliza.

"Wa kuwaita ni hawa hawa." Daktari alielekeza kalamu kwenye mto. Kamanda akapiga saluti.

"Hakuna dawa ya kuwageuza?"

"Inatafutwa. Bado." Akaweka kalamu mfukoni. "Mionzi itampa miezi. Sitakudanganya, baba, ni miezi tu."

Bundala alishukuru. Baadaye alikaa kwenye ukuta mfupi wa nje ya wodi na kulia bila kujificha, watu wakimpita na chupa zao za chai.

Nyanjige alipigwa mionzi. Walimtengenezea barakoa ngumu yenye sura yake mwenyewe ili kichwa kisitikisike, naye akaipenda barakoa ile kuliko kitu chochote alichopewa maishani. Alipewa pia vidonge vilivyomvimbisha mashavu na kumtia njaa ya mchana kutwa. Vidonge vile viliwapa walinzi usingizi, na wapiganaji huko nje nao wakasinzia, kwa hiyo kwa muda kichwani mwake watu wote walikuwa wamelala isipokuwa mionzi. Nyumba ya mgeni ikabomoka. Siku walipopanda basi kurudi nyumbani, jicho lilikuwa limerudi mahali pake, na mtoto alipanda ngazi za basi mwenyewe.

"Leo uko mmoja tu," alimwambia mama yake, kama mtu aliyepunjwa.

Ile miezi ilikuwa mizuri, na ni haki isemwe. Nyanjige alikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga tangu asubuhi hadi jioni. Aliwafukuza mbuzi na kuwarudisha, akasimama kwa mguu mmoja kwenye kichuguu akitaka watu wote watazame, akamvalisha mbuzi barakoa yake. Esteria alimpiga kofi dogo kwa kulalia pamba ya mwisho ya msimu, kisha akafurahi mno kwamba ana mtoto wa kupigwa kofi. Walinzi waliamka taratibu. Jioni walikuja kwenye kifuniko wakiwa na vumbi mikononi, na Esteria hakuhitaji kuuliza wanatoka kufanya nini. Walikuwa wanaokota matofali ya mgeni na kumjengea upya.

Mvua za vuli ziliponyesha, jicho liligeuka tena.

Safari hii damu ilimtoka Nyanjige puani, na pamoja na damu wakatoka watu wengine. Walikuwa wembamba, wenye mishale mirefu na macho makavu, na hawakuwa na filimbi. Walijipanga kwenye ukingo wa beseni la kukingia damu wakingoja kusemeshwa. Esteria aliwauliza ni kina nani.

"Wapiganaji," alisema aliyekuwa mbele. "Tupo shingoni siku zote hizi. Mlango umefungwa."

"Vunjeni."

"Haturuhusiwi, mayu. Bila mwano hatuingii. Tukiingia bila mwano tutaua hata wenye nyumba."

"Na mwano anapiga nani?"

"Walinzi wa ndani."

Bundala alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Akaingia chumbani, akatoka na filimbi yake. Esteria alimwambia asifanye hivyo, kwa sababu mwano una sheria zake. Unapigwa kwa mwizi, kwa moto na kwa damu ya mtu iliyomwagika. Haujawahi kupigwa kwa ugonjwa, tangu enzi na enzi.

"Ni mwizi," Bundala alisema. "Yupo ndani ya nyumba yangu. Tena wamemwona."

Akapanda kichuguu alichokuwa anachezea mtoto, akapuliza filimbi, akapiga mwano kwa sauti yake yote. Ukajibiwa upande wa mto, ukajibiwa upande wa shule, ukasambaa. Watu waliokuwa wanapanda mahindi walikuja wanakimbia na matope miguuni, wanaume kwa pinde na mapanga, na hata Ngeleja alikuja, kwa sababu naye ni mtu wa hapa hapa. Kwandu alikuja akasimama nje ya ua wa minyaa, kule anakoruhusiwa. Na kwenye beseni, wapiganaji wembamba walisimama wote kwa pamoja. Walipanda shavuni mwa Nyanjige, wakafika sikioni, wakaweka mishale kwenye nyuzi.

"Ni mwano wa kweli?" aliuliza aliyekuwa mbele.

Hilo lilikuwa swali la kujibiwa na mtemi, mkuu wa sungusungu, na mtemi alikuwa Mayige. Alipewa kigoda. Nyanjige alilala kichwa mapajani mwa mama yake, na kamanda wa walinzi akatoka, akasimama kwenye ndewe ya sikio akijifunga mkanda. Yeye na Mayige walisalimiana kwa salamu ya walinzi, kwa urefu, wakaulizana habari za zamu na za mvua. Ilionekana wazi kwamba wameelewana. Esteria aliliona hilo.

"Kuna kilichoibiwa?" Mayige aliuliza.

"Hakuna kilichotoka, mtemi," kamanda alisema. "Mlango tunaulinda mchana na usiku. Hata hawa wenye mishale hawajawahi kupita."

"Aliyemo ndani ni nani?"

"Mtu wa humu humu. Tulimuuliza, akajibu vizuri."

Mayige alitikisa kichwa kukubali. Wanaume kadhaa nyuma yake nao walitikisa.

"Mtemi, anamla mwanangu," Bundala alisema. "Mtazame. Hawezi kushika kikombe."

"Bundala, wewe si mlinzi? Umekaa zamu ngapi langoni kwa Ngeleja? Mtu akiwa wa hapa, akajibu vizuri, sisi tunamfanyaje?"

Palikuwa kimya, kimya kile kile alichokisema daktari. Bundala aliwatazama wenzake, akamtazama Ngeleja, kisha akatazama ng'ambo ya ua.

"Ng'ombe wa Kwandu wako kwa Ngeleja," alisema. "Nimewaona kwa macho yangu. Nimewalinda. Mmoja tulimla na mimi nikala. Nilimwambia huyu mama uongo, na nyinyi wote mnajua ni uongo. Yule ni mwizi, na huyu wa kichwani ni mwizi. Mtemi, sema tu neno moja, hawa waingie."

Hakuna aliyeshtuka. Ngeleja aliendelea kuchokoa meno kwa kijiti. Mayige alionekana kuona aibu kidogo, lakini ilikuwa aibu kwa niaba ya Bundala, kama vile Bundala amejamba kikaoni.

"Hayo tunayajua," Mayige alisema. "Hukuulizwa hayo."

Akasimama, akatoa uamuzi. Hakuna mali iliyotoka, mlango una ulinzi, aliyemo anafahamika. Mwano ni wa uongo, na umewatoa watu mashambani siku ya mvua. Kaya ya Bundala imetengwa. Hawatasalimiwa, hawatapewa moto, kisimani wasionekane, mashineni wasisagiwe, mpaka watakapotoa dume la ng'ombe kwa sungusungu.

Sikioni, wapiganaji wembamba walisikia uamuzi. Walikuwa watu wa sheria. Walilegeza nyuzi za pinde, wakageuka mmoja mmoja, wakashuka shavuni na kurudi walikotoka. Wa mwisho alisimama kidogo chini ya jicho lililopinda, akamtazama Esteria, kisha naye akaenda.

"Wameondoka?" Nyanjige aliuliza.

"Wameondoka, mwanangu."

"Wa filimbi au wa mishale?"

Esteria alimfuta damu puani.

Kutengwa kulifuatwa vizuri kabisa, kwa bidii ambayo kitongoji kile hakijawahi kuionyesha kwenye barabara wala kwenye ujenzi wa zahanati. Watoto waligeuza nyuso. Mwenye mashine ya kusaga alizima injini Esteria alipotokea. Bundala angeweza kutoa dume siku ya kwanza, dume alikuwa naye, mwekundu, mwenye nundu nzuri. Alikataa. Alisema hatawalisha tena. Aliyekuja ni Kwandu peke yake, na moto kwenye kigae na maziwa kwenye kibuyu.

"Mimi nilishatengwa," alisema akiinamia mafiga. "Hawana pengine pa kunitupa." Kisha akamtazama Bundala, ambaye alikuwa amepiga magoti mbele yake. "Inuka, baba Nyanjige. Shika mwiko, uji unamwagika."

Mgeni alikua. Alichukua njia ya kutembea, halafu akachukua sauti, na mwisho akachukua njia ya kumeza. Esteria alimlowekea mtoto matobolwa kwenye maziwa mpaka yakawa laini kabisa, akamtilia mdomoni, nayo yakatoka yote pembeni ya mdomo. Aliendelea kumtilia. Jioni walinzi walikuja kwenye kifuniko, wanene sasa, wanahema kwa kushiba, na kamanda akalalamika kuwa mgeni amekuwa mkubwa hata zamu zinawachosha. Esteria alitamani kuwaponda wote kwa kisigino. Aliwahi kujaribu. Ni wagumu kama kokoto, wakaamka wakajipangusa na kumsamehe.

Nyanjige alikufa asubuhi ya palizi, jua limeshapanda, kwenye mkeka chini ya kivuli cha ukuta, macho yakitazama pande mbili. Bundala na Kwandu walichimba kaburi. Udongo ulikuwa na maji, rahisi kuchimbika, na hilo ndilo jambo pekee lililokuwa rahisi. Watu waliokuwa wanapalilia pamba ng'ambo ya njia hawakuinua vichwa. Esteria aliweka barakoa pembeni ya mtoto, na kabla hawajamfunika, walinzi wakatoka sikioni kwa mstari, wamefunga mikanda.

"Mgeni amefariki," kamanda alitangaza. "Tumemlinda hadi mwisho. Hakuguswa."

Alisema kwa fahari na alikuwa na haki nayo. Wapiganaji hawakutoka. Kwandu alipompangusa mtoto uso na shingo aliwakuta shingoni, wamekauka, wameegemeana, mishale yote ingali kwenye podo.

Mayige alisikia habari za walinzi wasio na kazi. Aliwafuata mwenyewe, akawasifu kwa nidhamu, akawaandikisha. Wakapewa zamu langoni kwa Ngeleja, kwenye tundu la komeo, mahali ambapo watu wakubwa hawaenei. Wanafanya kazi nzuri. Ng'ombe wa Kwandu wameshazaa humo, na ndama wana alama ya Ngeleja. Bundala hatimaye alimtoa dume mwekundu, kwa sababu mke wake alihitaji kuteka maji kama watu wengine. Alichinjwa mbele ya nyumba yao, sungusungu wakala, na walinzi wadogo wakapewa sikio. Baada ya hapo watu walianza tena kuwasalimia, kwa uchangamfu, na wengine walitoa pole za msiba kana kwamba umetokea jana. Bundala alichomeka upinde wake kwenye paa na hajaushusha. Hakuna aliyemuuliza.

Mwezi wa sita ulirudi, na pamba ikarudi. Esteria aliketi kwenye turubai, safi kulia, fifi kushoto. Rundo la safi lilikuwa limenyooka, halina bonde la mtu aliyelala, na alikuwa akilipita kwa mkono mara kwa mara bila sababu. Jua lilipoanza kupoa, filimbi zililia upande wa kwa Ngeleja, kubwa kwanza, kisha zile ndogo. Muda si mrefu mlinzi mmoja akatokea kwenye ukingo wa turubai. Alikuwa yule wa kwanza.

"Mwadila, mayu," alisema akivua kofia. "Naomba maji. Langoni joto."

Esteria hakuitikia. Kifuniko cha soda kilikuwa pale pale, kimejaa maji ya mvua ya juzi iliyokosea msimu. Alikichukua, akayamwaga mchangani, akakirudisha chini kimegeuzwa kifudifudi, akaendelea na pamba.

Mlinzi alikitazama kifuniko kwa muda. Alikizunguka, akakigonga kwa rungu, akasikiliza. Kisha akavaa kofia yake, akasimama wima pembeni, na kuanza kukilinda.